Zamu ya Kunyamaza

Jumatano, 4 Februari

Nimeudhika. Naandika upesi kabla Mzee wangu hajarudi akaanza kuniuliza nimenuna nini.

Leo zamu ya kusema ilikuwa yangu. Tumekwenda kwa mke wa seremala, mguu umemlaza tangu mwaka uanze. Nimesema vizuri, najua mwenyewe. Nimeanza na salamu, nikaingia kwenye neno, nikatoa mfano wa Mwanangu alivyougua homa utotoni mpaka tukakata tamaa, na leo hii ni mwinjilisti, ana kanisa lake zima kule matofalini, wanakochoma matofali. Nikaongeza na ile ya siku aliyohubiri mpaka msimamizi wa tanuri akatoa machozi. Mke wa seremala akawa anaitikia tu: eh, eh, asante mama. Kisha nikaomba. Maombi ya kushiba, si yale ya haraka haraka.

Msusi, mwenzangu wa zamu, alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, kimya. Ndiyo kanuni. Kwetu haendi mtu mmoja kwa mgonjwa wala kwa mfiwa. Bwana aliwatuma wawili wawili, nasi tunatumwa wawili wawili. Mmoja anasema, mwenzake ananyamaza na kuomba moyoni. Wiki inayofuata mnabadilishana. Na mkitoka, kabla hamjaachana, aliyenyamaza anamwambia aliyesema alichokiona. Tunaita kuambiana njiani. Aliyesema hajibu wala hajitetei — anasema asante, basi. Aliyeitunga hiyo ya mwisho sijui ni nani. Hakuwa na ulimi mtu huyo.

Tulipofika bombani, ndipo njia zetu zinapoachana, Msusi akasema: mwenzangu, sauti yako leo ilikuwa nzuri. Lakini umemtaja mwanao sana, na mke wa seremala hakuutaja mguu wake hata mara moja.

Asante, nikasema. Asante ya meno.

Yaani huyu! Kutwa anasuka vichwa vya watu na hajui hata umbea mmoja. Msusi asiye na umbea ni sawa na duka lisilo na chumvi, watu wanaingia kufanya nini? Mchungaji alipotupanga alisema sisi ni jozi. Jozi gani — kiatu kimoja cha harusini, kimoja cha shambani.

Ijumaa, 6 Februari

Mashati ya Mwanangu yameondoka leo. Matano meupe. Nimeyarowesha usiku, nimeyasuuza maji matatu, wanga kidogo kwenye kola, pasi ya moto lakini si ya kuunguza. Nimeyakunja kama ya dukani, kola nimezibana na pini zangu ndogo zisilale. Dereva wa lori la matofali anayapeleka kila akienda kupakia, akirudi ananiletea machafu. Simlipi. Namfulia ovaroli yake.

Dada yangu ananiambia nina wazimu, mtu mzima anafuliwa na mama yake. Nimemwambia siyo mtu mzima ninayemfulia, ni madhabahu. Mhubiri mwenye kola iliyokunjamana, nani atamsikiliza? Miaka yote nimefua nguo za watu ili mtoto yule asome. Shule mimi sikuifikisha mbali, lakini mkunga aliyenizalisha alisema: sikia kilio hiki, huyu ni msemaji. Na ndivyo ilivyokuwa.

Kinachonikera ni yule waliyempangia. Kule matofalini wako wawili, yeye na kijana mmoja mrefu, mpole kupita kiasi, namwita Taratibu. Mwanangu anahubiri, Taratibu anapanga viti. Mwanangu anasali na wagonjwa, Taratibu amekaa pembeni anatazama vidole vya miguu yake. Nusu ya sifa anachukua yeye. Watu wanasema 'wainjilisti wetu'. Wetu, kwa wingi! Mwinjilisti ni mmoja pale. Yule mwingine ni fanicha.

Jumapili, 8 Februari

Siku kubwa. Kitabu nitakijaza leo.

Baada ya ibada kulikuwa na kikao cha wazee na washarika wote. Mchungaji akasema Taratibu ameomba kuondoka. Baba yake amepigwa na kiharusi, upande mmoja wote, na mtoto wa kumwinua kitandani ni yeye tu. Nikasikitika, kweli nilisikitika. Lakini moyo nao ukaruka kidogo, sitadanganya.

Kisha Mchungaji akaendelea: mpaka apatikane mwenzake, Mwinjilisti naye arudi hapa nyumbani. Matofalini pafungwe kwa muda. Hatumwachi mtu peke yake.

Pafungwe! Kwa ajili ya mpanga viti!

Nikasimama. Nikasema wazee wangu, heshima yenu, lakini mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Mwanangu anatosha. Mnataka kuzima taa kwa sababu kibiriti kimepotea, na taa inawaka tayari? Yohana Mbatizaji alikuwa jangwani na nani? Alipangiwa jozi na nani?

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti wa wazee akatikisa kichwa, kule kutikisa kwa kukubali. Nikakaa. Nilijisikia kama nimehubiri mimi.

Nani akasimama? Msusi wangu. Asiyesema kitu wiki nzima, leo kapata mdomo. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema. Mimi naona arudi kwanza.

Nikamjibu nikiwa nimekaa: kwa dobi hakuna chawa, dada.

Wakacheka tena. Msusi akakaa. Wazee wakaamua Mwanangu abaki peke yake hadi mwisho wa Machi, halafu itaangaliwa. Nikampigia simu palepale uani. Akasema: mama, umesimama kikaoni? Nikasema nimesimama, nimewanyamazisha. Akasema: haya mama. Mungu ni mwema. Na mimi sitaki kupafunga.

Unaona?

Njiani Mzee wangu naye. Mtu wa gereji huyu, masikio yameharibiwa na injini, husikia asichotakiwa kusikia. Akasema: mke wangu, Yohana Mbatizaji alikuwa peke yake, ni kweli. Lakini unakumbuka aliishia wapi? Kichwa chake, namaanisha.

Nimemwacha aingie na njaa yake jikoni ajitafutie.

Jumatano, 11 Februari

Zamu ya Msusi kusema. Kwa mke wa seremala tena.

Kusema! Alisema hodi, alisema pole, akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza kumtengeneza nywele. Hakuulizwa. Alikuta zimesokotana kwa kulalia, akatoa kitana chake mkobani na akaendelea hivyo, fungu kwa fungu. Mimi pale mlangoni nilikuwa nachemka kama sufuria yenye kifuniko. Nilikuwa na maneno matatu mazuri sana nimeyaandaa na kanuni imenifunga mdomo. Niliomba moyoni kama inavyotakiwa. Niliomba Msusi aseme kitu.

Halafu mke wa seremala akaanza mwenyewe. Ametazama ukuta, si sisi. Akasema mguu si kitu, mguu utapona. Akasema ana mtoto wa kiume alikufa, alizama kwenye shimo la kuchimba udongo, angekuwa rika moja na Mwinjilisti. Walibatizwa siku moja. Akasema jina lake. Akasema hajalisema kwa sauti siku nyingi, kwa sababu seremala hataki kulisikia, anainuka na kwenda kupiga randa.

Msusi aliendelea kuchana. Akasema tu: lirudie. Yule mama akalirudia.

Sijui nilitazama wapi. Wiki iliyopita nilikaa kwenye kitanda kilekile, homa ya Mwanangu, kupona kwa Mwanangu, sauti ya Mwanangu. Na yeye: eh, eh, asante mama.

Siku ile walibatizwa watoto wengi, sasa nani angejua? Hakuniambia. Mtu asiposema, unajuaje?

Bombani ilikuwa kazi yangu kumwambia Msusi nilichokiona. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano. Nikamwambia: umekaa vibaya, mgongo umeupinda, utaumwa.

Asante, akasema. Na alivyosema, alimaanisha. Ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Jumanne, 17 Februari

Mashati yamerudi. Matatu yamevaliwa, mawili yamerudi safi. Mwanangu anajua kutunza vitu. Shati moja ibada mbili, siku hizi nani anaweza? Mzee akasema labda kule kuna baridi anavaa sweta. Matofalini, penye tanuri, baridi. Huyu mume nilimpata wapi?

Nimeyafua yote matano hata hivyo.

Jumatano, 18 Februari

Zamu yangu. Bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, nyumba ya nyuma ya stoo ya nafaka. Nilijikaza. Mwanangu nilimtaja mara moja, ya pili niliimeza ikanikwama.

Msusi bombani: leo umesema kidogo, mwenzangu, vizuri. Ila ulikuwa umekasirika, na bibi haoni, amesikia sauti tu. Amedhani umemkasirikia yeye.

Asante!

Nikisema sana, kosa. Nikisema kidogo, kosa. Ningekuwa na mtu wa kubadilishana naye jozi, hata na nyongeza ningempa.

Jumapili, 22 Februari

Nimeongea na Mwanangu. Simu ilikatika mara mbili, ya tatu ikashika.

Sauti yake ina mchanga. Nikamuuliza una mafua? Hapana. Unakula? Nakula. Watu wanakuja? Wanakuja, mama. Wanakusikiliza? Akacheka kidogo, kicheko kifupi, si kile chake. Akasema wananisikiliza sana, halafu wanaenda kwao.

Sasa ulitaka walale kanisani, nikasema. Nikacheka mimi. Yeye hakucheka.

Kisha akasema neno ambalo limenikaa hapa kifuani tangu mchana. Anasema akitoka nyumba ya watu, mgonjwa au msiba, anatembea mpaka chumbani kwake na hajui. Hajui kama amesema vizuri au ameumiza mtu. Kwanza aliona ni nafuu. Taratibu alikuwa anamwambia njiani, na lilikuwa linamchoma, kuna siku walitembea huku hawasemezani. Siku hizi anafika mlangoni, anasimama, anajaribu kujiambia mwenyewe. Ama anajisifu ama anajichapa. Katikati hapapati. Mwezi huu kuna nyumba moja alisema neno kwa mfiwa, akaona uso umebadilika. Mpaka leo hajui lilikuwa neno gani. Sasa akifika kwenye mlango wa watu ulimi unakuwa mzito.

Nikamwambia: baba, mimi nakwambia, ulisema vizuri.

Akasema: mama, hukuwepo.

Mimi ni mama yako, nikasema. Lazima niwepo ndiyo nijue?

Akasema: ndiyo, mama. Haya, mama. Salamu kwa baba.

Nimekasirika na Taratibu. Ndiye aliyemdekeza, akamzoesha kuambiwa ambiwa. Mtu ukizoea fimbo ya kutembelea, hata mguu mzima unachechemea.

Jumatano, 25 Februari

Leo ilikuwa zamu ya Msusi kusema. Nimekwenda peke yangu.

Nilikwenda asubuhi, kabla ya saa yetu, kwa mke wa seremala. Nilikuwa na sababu zangu. Nilitaka kumwomba radhi yule mama, na sikutaka kumwomba radhi huku kuna mtu mlangoni anahesabu maneno. Na nilitaka kuonyesha — sijui kumwonyesha nani. Kwamba mtu anaweza. Mwanangu anaweza, mama yake naye anaweza.

Nimeingia vizuri. Nimekaa. Nikasema mama, siku ile nilisema sana juu ya wangu, nisamehe, sikujua habari za wako. Akaanza kulia. Hakulia kwa nguvu, maji tu yanatoka. Nikaona hapo ninyamaze, ninyamaze kama Msusi. Nikanyamaza kidogo, ikawa kama kushika pasi ya moto kwa mkono mtupu. Nikaanza kusema. Nikamwambia Mungu anajua. Nikamwambia ana watoto wengine. Nikasema, Bwana anisamehe, kwamba hata Mwanangu huyu Mwinjilisti yupo, amwone kama wake.

Akaacha kulia. Uso ukafungwa kama mlango wa duka.

Seremala akaingia, vumbi la mbao mikononi. Alinisalimia kwa adabu. Akatazama kile kiti cha mlangoni, kitupu. Akasema: shikamoo mama, leo mwenzio yuko wapi? Nikasema ana udhuru. Akasema: basi tunashukuru kwa kuja. Akabaki amesimama mpaka na mimi nikasimama.

Nimetembea mpaka bombani. Nikasimama. Kulikuwa na wanawake wanachota maji, wakadhani nangoja zamu ya ndoo.

Nimefika nyumbani nimemuuliza Mzee. Nimemweleza yote, neno kwa neno. Nikamuuliza: nimefanya vizuri au vibaya? Akaacha kula, jambo ambalo halitokei. Akasema: mke wangu, mimi nilikuwepo?

Nguo zote za leo nimezirudia pasi. Hazikuwa na kosa.

Jumatano, 4 Machi

Sikwenda. Nilisema kiuno kinaniuma.

Msusi akaja, ana mfuko wa taulo za saluni yake za kufuliwa. Akasimama mlangoni mwa kibanda changu, palepale kamba zinapoanzia.

Ulikwenda kwa mke wa seremala peke yako, akasema.

Nikamwambia: kumbe umbea unaujua.

Likamtoka tabasamu, kidogo. Akasema: siku ile ilikuwa zamu yangu, mwenzangu. Nikasema zamu, zamu, sisi ni watoto wa bembea? Akasema mke wa seremala hajakukasirikia. Amesema uje tena. Ila uje na mtu.

Nikachukua taulo, nikazitupa kwenye beseni kwa nguvu, maji yakamrukia. Hakujifuta. Akasema kesho kutwa atazifuata. Akaenda zake na nguo iliyolowa.

Mwanangu hajapokea simu tangu Jumapili. Ana kazi nyingi. Mtu mmoja, kazi ya watu wawili, atapokea saa ngapi?

Nimeiandika halafu nimeisoma. Kazi ya watu wawili. Nimeiacha, sifuti.

Jumatatu, 9 Machi

Mashati yamerudi.

Yote matano. Yamekunjwa kama nilivyoyakunja. Pini zangu ziko kwenye kola, zilezile, palepale nilipozichoma. Hata harufu ya wanga bado.

Nimemwambia dereva umekosea, haya ni yale uliyopeleka. Akasema hapana mama, niliyapeleka wiki ile mwenyewe, nikamkabidhi mkononi. Jana nimeyafuata, yalikuwa dirishani.

Nikasema ana shati jingine. Wamemnunulia huko, wanampenda.

Dereva akavua kofia. Sikupenda alivyovua kofia. Akasema: Mama Mwinjilisti, Jumapili mbili sasa kanisa halijafunguliwa. Watu wa tanuri wanakuja wanasimama nje, wanaimba kidogo, wanatawanyika. Yeye anasema anaumwa. Lakini haumwi, mama. Anatoka kuchota maji asubuhi sana, anarudi, anafunga.

Nikamwambia aangalie mdomo wake. Nikamwambia ovaroli yake aifue mwenyewe. Mtu mwenye mke na watoto, nimemsema kama mtoto, mbele ya wateja.

Msusi alikuja kuchukua taulo zake, alikuwa amechelewa kuzifuata. Akayaona mashati mezani. Akashika kola moja kwa vidole viwili, akaigusa pini.

Anayatunza, nikasema.

Mwenzangu, akasema.

Nimekwambia anayatunza!

Akachukua taulo zake. Mlangoni akageuka, nikajua atasema, nilitaka aseme nipate wa kumrarua. Akasema tu: wewe ulisimama kikaoni. Na mimi nilikaa nikanyamaza baada ya mzaha mmoja. Nilipaswa kusimama tena. Hilo nalo niambie, siku ukiweza.

Mtu anakuja kwangu kutafuta lawama, nami nina yangu ya kutosha nyumba nzima.

Mzee amekaa na yale mashati mapajani jioni yote. Anachomoa pini moja moja, anazipanga kwenye sahani. Amesema: nenda. Nikasema nitakwenda. Akasema: usiende peke yako. Nikasema mama haendi kwa mwanawe na jozi, mimi si mgeni kule. Akasema sawa. Hakusikia, au amejifanya hasikii.

Jumatano, 11 Machi

Naandika niko matofalini. Nitaeleza, nina nafasi. Nafasi ndiyo niliyonayo tu.

Asubuhi nilikwenda kwa dereva wa lori kumwomba radhi na kumwomba kiti. Radhi alinipa kabla sijamaliza. Kwenye kiti nikamkuta Msusi amekwisha kukaa, mkoba mapajani, kilemba kipya.

Unakwenda wapi, nikasema.

Leo Jumatano, akasema. Na zamu ni yangu. Ile nyingine uliila.

Nikamwambia huyu si mgonjwa wa kanisa, huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi, kitovu chake nimekizika mimi. Akasogea dirishani nipate pa kukaa. Nani kakwambia kuhusu safari? Mume wako, akasema, alikuja saluni jana. Mzee wangu, saluni! Kati ya wanawake wenye vichwa vya povu! Nikataka kukasirika ikashindikana, nikamwona akilini amesimama pale na kofia yake ya gereji.

Safari nzima hakuna aliyesema. Dereva naye kimya. Ilikuwa kama kupelekwa na kanisa zima la mabubu.

Chumba chake kiko nyuma ya kanisa, ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu. Vumbi jekundu juu ya kila kitu. Nje ya mlango kuna viti viwili vya mbao, walikuwa wanakaa yeye na Taratibu jioni. Nilidhani nitakuta kimoja kimefutwa. Vyote vina vumbi.

Nilivuta pumzi kuita. Nilikuwa na yote tayari, tangu usiku nayapanga. Baba, mama yako amekuja, fungua, una nini, nani kakufanyia nini, wewe ni wa kujifungia ndani wewe, wewe uliyemliza msimamizi wa tanuri? Msusi akaniwekea mkono kwenye mkono. Mkono wake una mafuta ya nywele, hautoki kirahisi. Alinitazama tu, na mimi nikajua anachotaka.

Nikaufunga mdomo wangu. Mungu aandike hilo mahali.

Akafuta kiti kimoja kwa kanga yake, akanikalisha. Akafuta cha pili, akakisogeza mlangoni kabisa, akakaa ubavu kwa ubao wa mlango kama anavyokaa kwa mteja. Akasema hodi. Akasema ni mimi msusi wa kanisani, nimekuja kukaa. Usihangaike kufungua.

Basi. Amekaa.

Ndiyo nimetoa kitabu hiki mkobani. Naandika ili mdomo usifunguke. Mkono ukisimama tu, maneno yanapanda hapa kooni, kwa hiyo nausukuma. Jua limehamia miguuni. Mwanamke wa chumba cha jirani ametuletea maji, ametazama mlango, ametutazama, ameondoka. Nimeomba moyoni, mara hii kweli, maana sina kazi nyingine. Sikujua ni kazi nzito hivi. Mwenzangu alikuwa anaifanya kila wiki pale mlangoni wakati mimi najisikiliza.

Ndani kuna kitu kimeanguka. Kikombe, au kitabu.

Msusi amesema kwa sauti ya chini, kama anaongea na mbao: hatukuja kuhubiriwa, mwanangu. Wala kukuhubiria.

Jua limepanda mpaka magotini.

Kisha sauti. Sauti yake! Ina mchanga zaidi ya ile ya simu. Anasema: hilo neno, yule mfiwa, nilisema nini? Kuna mtu anajua nilisema nini?

Mimi sijui. Ningemwambia tu alisema vizuri, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nimeuma kalamu. Msusi anasema: hatujui. Twende sote tukamuulize yeye mwenyewe. Si lazima leo.

Halafu anauliza: mama yupo?

Yupo, anasema Msusi. Amekaa hapa.

Mbona hasemi?

Msusi amenigeukia. Macho yake yamelowa, na anatabasamu, mwanamke huyu wa ajabu. Amesema: leo si zamu yake.

Na huko ndani kumetoka kitu, sijui ni kilio au ni kicheko. Ni kile kicheko chake, kirefu, au ni kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho tangu siku ile ya mkunga. Mama mzima nimekaa nje ya mlango na siwezi kutofautisha. Kiti kinavutwa. Miguu. Imesimama. Iko upande wa pili wa ubao huu, nasikia pumzi yake, na kitasa hakijageuka bado, nami nina mengi, Bwana anajua nina mengi, nimeshika kalamu hii na mdomo nimeufunga, leo si zamu yangu.